Mkono Uliomfumba Mjumbe Macho

Mjumbe hauawi. Neno hilo walikuwa wakiliheshimu hata wale majemadari wawili waliogombea Roma mwaka ule, maana bila wajumbe wangebaki na mikuki peke yake, na mkuki haujapata kumaliza ugomvi wa ndugu. Asubuhi hiyo Aulus Cessonius, mjumbe wa jeshi la ng'ambo ya mto, alikuwa maiti ndani ya hema la wageni, katikati ya kambi iliyomwapia usalama. Alikuwa na tundu la kisu chini ya ubavu wa kushoto.

Akida Numerius Petidius aliitwa saa mbili, ukungu wa mto Trebia ungali umekalia mahema. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mguu wa kulia umefupika tangu jeraha la Hispania. Palipoibwa nyumbu, palipochomwa mtu kisu kwenye kamari, palipokuwa na jambo lolote ambalo wakubwa hawakutaka kulishika kwa mikono yao, aliitwa yeye. Kazi hiyo hakuipenda. Aliiweza tu, na jeshini mtu haulizwi anapenda nini.

Jemadari Vatronius alikuwa amesimama mlangoni mwa hema, joho amelikaza kifuani.

"Una mpaka saa sita," alisema bila salamu. "Wenzetu wa ng'ambo wamekwisha kusikia. Wanaleta mjumbe mwingine darajani, achukue maiti na mwuaji. Tusipompa mwuaji, mapatano yamevunjika. Kesho tunachinjana."

"Na tukimpa asiye mwuaji?"

"Mapatano yanabaki." Jemadari alitazama pembeni. "Nina yule mlinzi, Rullus. Ndiye aliyekuwa mlangoni. Pete ya mjumbe haipo. Mimi naona habari imekwisha."

"Kama imekwisha, mimi umeniitia nini, bwana jemadari?"

Petidius hakungoja jibu la jemadari. Wote wawili walikuwa wanaijua desturi. Anayemgusa mjumbe hukabidhiwa kwa wale waliokosewa, amevuliwa nguo, mikono imefungwa nyuma, ili laana imfuate yeye na isibaki kambini. Wakimtoa asiyehusika, laana inabaki palepale ilipo, inakula uji pamoja nao.

Akainama akaingia.

Kitanda cha kukunja kilikuwa na damu nyingi, imekwisha kuganda. Maiti haikuwa kitandani. Ilikuwa imelazwa chini, juu ya ardhi tupu, imenyooshwa vizuri, miguu ikielekea mlangoni. Petidius alipiga goti lake zima. Macho yalikuwa yamefumbwa. Kidevu kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa kitani uliochanwa kwenye shuka, fundo limewekwa upande wa sikio, lisimuumize. Juu ya paji la uso palikuwa na udongo kidogo, na kifuani udongo tena, mafumba matatu kwa kuyahesabu.

"Nani amemgusa huyu?" aliuliza.

Askari wa mlangoni aliruka kana kwamba ameshikwa yeye. "Hakuna, akida. Mpishi alileta uji, akamwona, akapiga kelele. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuvuka kizingiti. Nani anataka laana?"

Kidole cha maiti kilikuwa na duara jeupe mahali pa pete. Lakini kikombe cha fedha kilikuwa mezani, na joho lenye kifungo cha dhahabu lilining'inia kwenye mti wa hema. Mkoba wa ngozi wa vibao vya nta vilivyoandikwa, vile alivyokuja kuvisoma leo mbele ya baraza, ulikuwa mtupu.

"Mwizi wa ajabu," Petidius alisema. "Anaacha fedha na dhahabu, anachukua pete na maneno. Halafu anakaa amfunge kidevu."

Alisimama taratibu, goti likilalamika. Kwa desturi yao, pete huvuliwa marehemu akikata roho, arudishiwe kuni za kumchomea zikikaribia kuwashwa. Kulazwa chini, kufumbwa macho, udongo mara tatu: hayo hayafanywi na adui wala na mwizi. Hayafanywi hata na rafiki, kama yupo mwingine wa karibu zaidi. Hayo ni ya mtu wa nyumba moja.

Rullus alikuwa amefungwa kwenye gurudumu la gari la mizigo, nyuma ya jiko la kikosi. Kijana wa mji wa Interamna, miaka ishirini na miwili, midomo imepasuka kwa kipigo cha kumkaribisha. Petidius alimpa siki na maji kwenye kibuyu chake, akamwacha anywe.

"Nani aliingia kwa mjumbe?"

"Hakuna, akida."

"Basi umemuua wewe."

"Sikumuua! Naapa kwa mama yangu!"

"Mama yako mwache nyumbani apumzike. Hakuna aliyeingia, wewe hukumuua, na mjumbe amejichoma kisu akajilaza chini akajifunga kidevu. Hebu tuanze tena, we kijana, maana jua halinisubiri mimi wala wewe."

Rullus alitazama chini. Machozi yalianza kumtoka naye hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Nikisema, ntapigwa magongo, akida. Na watu wa hema langu mwenyewe."

"Usiposema, utavuka daraja uchi. Chagua."

"Niliondoka mlangoni," Rullus akasema. "Kidogo tu. Alikuja mtu kabla ya baragumu la zamu ya nne, ile ya mwisho wa usiku, joho amejifunika kichwani. Akatoa neno la siri. Akaniambia mjumbe anaona baridi, niende jikoni nikalete makaa. Ningekataaje? Alisema kama mkubwa."

"Neno gani alitoa? La jioni?"

"Hapana. Lile jipya."

Petidius alikiweka kibuyu chini. Usiku huo askari mmoja alikuwa ametoroka kwenda ng'ambo, na neno la siri likabadilishwa. Jipya walipewa walinzi na wakubwa wanane wanaokula meza ya jemadari. Mwingine yeyote, hata kama ana joho la zambarau la cheo, asingelijua.

"Uliporudi?"

"Nilikawia, moto wa jikoni ulikuwa umezimika. Nikamkuta anatoka. Akasema, 'Amelala, usimwamshe.' Alinong'ona. Nilidhani ana mafua, akida. Pua zilikuwa zinamtiririka."

"Mafua."

"Sasa ndiyo nafikiri huenda alikuwa analia." Rullus alimtazama. "Akida, nimeacha lindo. Hilo nalo utalisema?"

"Hilo nitalisikia siku nyingine. Leo masikio yangu yana shughuli."

Mtu mwingine angekwenda kuwakagua wale wanane visu vyao. Petidius alikwenda madhabahuni.

Mzee Hosidius, mchinjaji wa sadaka, alikuwa anasugua shoka lake kwa jivu. Kila alfajiri wakubwa wa jeshi hupita mbele yake, kila mmoja akatia ubani motoni, ndipo siku ianze. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, na kusahau hakujui.

"Baba Hosidius, leo wamekuja wangapi?"

"Wanane wanatakiwa. Waliotia ubani ni sita." Mzee hakuinua macho. "Blaesus, yule wa wapanda farasi, hakuja kabisa. Walisema tumbo. Yule kijana Mundicius alikuja, akasimama nje ya kamba ya madhabahu, mbali kule. Nikamwita. Akasema pua yake inatoka damu, hataki kuchafua. Nikaona, haya, angalau ana adabu."

"Damu uliiona?"

"Niione wapi, na ukungu ule? Niliona amejifunika." Shoka likatulia. "Kwa nini unaniuliza, Petidius?"

"Aliyefiwa nyumbani anaruhusiwa kugusa madhabahu?"

"Unaniuliza mimi swali la mtoto? Hagusi. Hata kamba haivuki mpaka mazishi yapite." Hosidius alimtazama sasa, na uso wake ukabadilika polepole. "Kuna mtu amefiwa humu kambini?"

"Ndilo ninalolitafuta," Petidius alisema, akamshukuru.

Wawili, basi. Blaesus alikuwa rahisi kushukiwa. Jana kwenye baraza alipiga meza ngumi akasema amani na watu wa ng'ambo ni kulala kitanda kimoja na nyoka. Saa nne Petidius alimkuta ameketi mbele ya hema lake, kinyozi akimalizia shavu la kushoto, bakuli la jibini na mafuta ya nguruwe mapajani.

"Tumbo limepona, bwana Blaesus?"

"Tumbo langu lina akili kuliko baraza zima. Lilijua leo kutakuwa na habari mbaya." Alimega jibini. Vidole vyake vilikuwa na pete nne. "Unataka kujua kama nimemuua mimi. Uliza tu, usizunguke."

"Umemuua?"

"Nilitamani. Lakini nasikia amekutwa amefumbwa macho, amelazwa kama bibi harusi. Ningemuua mimi, ningemwacha macho wazi akayaone aliyoyataka." Alicheka, kisha akaona Petidius hacheki, akaacha. "Usiku kucha nilikuwa chooni, akida. Kamuulize yeyote aliyepita kwa bahati mbaya. Nusu ya kikosi changu watakuapia, na hawatakuwa na furaha."

Petidius aliuliza. Walimwapia, na hawakuwa na furaha. Tena mtu aliyenyolewa, aliyevaa pete zote, anayekula mafuta asubuhi, si mtu mwenye msiba. Akavuka kambi kwa mguu wake mbovu mpaka mahema ya kando ya lango la mto.

Publius Mundicius alikuwa tribuni, ofisa kijana wa nyumba kubwa, miaka ishirini na minane. Mwezi uliopita alivuka mto kutoka ng'ambo na vikosi viwili nyuma yake, na tangu hapo jemadari alikuwa akimkalisha karibu naye mezani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, hana moto. Mkate na zeituni vilikuwa mezani, havijaguswa. Ndevu za siku moja zilimtia weusi mashavuni, yeye ambaye hakukosa kinyozi hata siku ya mapigano. Kidole chake kilichozoea pete ya dhahabu kilikuwa kitupu.

Petidius hakukaa.

"Nani amekufa kwenu, tribuni?"

"Hakuna."

"Basi kinyozi yuko nje. Nimwite?"

Mundicius aligeuza uso kutoka mlangoni.

"Au twende tukatie ubani kwa mzee Hosidius. Damu ya pua huisha, na sasa umekwisha kupata nafuu. Ni mwendo wa hatua mia mbili. Ukitia ubani mbele yangu, nitakuomba radhi, nirudi kwa jemadari nimwambie nimeshindwa."

Mundicius alisimama. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa hema, akashika turubai kwa mkono, akatazama huko moshi wa madhabahu ulikokuwa unapanda. Alikaa hapo muda. Halafu akarudi akakaa, mikono juu ya magoti.

"Siwezi," alisema.

"Najua. Alikuwa nani kwako?"

"Kwa sheria, si mtu wangu. Mimi ni Mundicius, mwana wa Mundicius."

"Sheria haikuinama kumfumba macho."

Kijana alifunika uso. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ile ya kunong'ona aliyoisikia Rullus.

"Kaka yangu. Tumbo moja. Mzee Mundicius alikuwa hana mwana wa kurithi jina lake wala wa kutunza moto wa nyumba, akamwomba baba yetu ampe mmoja wetu. Nilikuwa na miaka tisa. Nikahamia mtaa wa pili, nikabadilishwa jina, basi. Humu kambini hakuna anayejua."

"Ulikwenda kumuua?"

"Nilikwenda kumwona! Miaka mitatu sijamwona, maana nilipokuwa ng'ambo yeye alikuwa bado nyumbani." Alijifuta kwa kiganja. "Tulikumbatiana, akida. Tukauliza habari za nyumbani. Nikamwuliza ameleta nini. Akanionyesha vibao. Msamaha kwa jeshi zima, toka kwa jemadari mpaka mpiga tarumbeta, isipokuwa watu watatu. Wa tatu mimi. Kwa sababu ya vile vikosi viwili."

"Kwa nini akuonyeshe kabla ya baraza?"

"Alitaka nitoroke kabla hakujapambazuka. Alikuwa amekwisha kuniwekea farasi mawazoni mwake, njia ya milimani, kila kitu. Mimi nikamwambia, kaka, hii ni nta. Pitisha kidole gumba, jina limefutika, nani atajua? Akakataa. Nikampigia magoti. Akasema, 'Ningekuwa nimekuja kama Aulus ningelifuta kwa ulimi. Nimekuja na maneno ya watu, Publius. Si yangu niyafute.' Akavirudisha vibao mkobani, akafunga kamba, taratibu, kama mtu anayefunga duka." Alitazama kiganja chake. "Kile kisu sikumbuki kukichomoa. Nakumbuka kukiona."

"Halafu?"

"Halafu alikuwa anakufa, na hapakuwa na mtu wake mwingine. Ningemwacha vile? Alale macho wazi kama mzoga? Niliipokea pumzi yake ya mwisho kwa mdomo wangu. Nikafanya yote alivyotufundisha baba siku aliyokufa bibi." Aliingiza mkono shingoni, akatoa uzi. Pete ilikuwa kwenye uzi. "Nilitaka nimvishe kuni zikiwekwa."

Petidius alisikia huruma ikimpanda, na hasira juu ya huruma.

"Na Rullus?" aliuliza. "Saa sita wanamvua nguo Rullus. Ulimtuma makaa, akaenda, kwa sababu alikutii. Huyo naye angemfumba macho nani?"

Mundicius alisimama. Alitoa vibao chini ya godoro, akavikabidhi, muhuri umevunjwa, majina yote matatu yamo. Hata baada ya kuua hakuwa amelifuta lake.

Jemadari Vatronius alivisoma vibao mara mbili, kisha akavilaza kifudifudi.

"Unajua yule Mundicius alikuja na watu wangapi?" alisema. "Elfu moja. Nikimtoa, watafikiri nini?"

"Sijui, bwana jemadari."

"Rullus ni mmoja. Na lindo aliliacha, usinifiche, naona usoni kwako. Kwa vyovyote ni mtu wa kufa."

"Lindo ni shauri letu la ndani. La darajani ni shauri la miungu. Tukiwapa Rullus tutakuwa tumemuua mjumbe mara ya pili, na safari hii jeshi zima litakuwa limeshika kisu." Petidius aliweka fimbo yake ya uakida mezani. "Nimetumikia miaka thelathini na miwili. Kama anatoka Rullus, mshike mtu mwingine wa kumfunga mikono. Mimi sitaifunga."

Vatronius aliitazama fimbo. Kabla hajatamka kitu, turubai likafunuliwa. Mundicius aliingia peke yake, bila mlinzi, akafungua mkanda wake wa upanga na kuuweka juu ya meza kando ya ile fimbo.

"Nilidhani nitaweza kunyamaza mpaka saa sita," alisema. "Nimepita pale kwenye gurudumu. Siwezi."

Saa sita ukungu ulikuwa umeondoka. Majeshi mawili yalisimama kila moja ukingoni mwake, karibu kiasi cha watu kutambuana sura, na wengi walitambuana: mashemeji, majirani, watu waliosoma kwa mwalimu mmoja. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na kunguru walikuwa wamekwisha kujipanga juu ya miti ya ng'ambo. Maiti ya Aulus ililetwa juu ya ngao nne. Nyuma yake alikuja Mundicius, uchi, kamba viwikoni. Petidius alitembea kando yake, kwa kuwa ndiye aliyeifunga kamba.

Kutoka ng'ambo alivuka mjumbe mpya. Walitarajia ofisa. Alikuwa mzee wa miaka sabini, kichwa wazi, anatembea peke yake katikati ya daraja. Petidius alihisi Mundicius akisimama ghafla.

"Baba," kijana alisema, si kwa sauti.

Titus Cessonius alikuwa ameomba mwenyewe kutumwa, ampokee mwanawe aliyekufa na mtu aliyemuua. Jina la mtu huyo hakuna aliyekuwa amemwambia. Alifika kwenye ngao, akaweka kiganja juu ya kifua cha maiti. Kisha akainua macho amwone mwuaji.

Mpiga mbiu alikwisha kuanza kusoma maneno ya kukabidhi, kwamba mtu huyu amekosea, na kwamba kwa kumtoa jeshi linajitakasa. Alisoma mpaka mwisho maana hakujua anasoma mbele ya nani. Alipomaliza, mzee alikuwa bado anatazama.

"Nani aliyemgundua?" aliuliza.

"Mimi, mzee wangu," Petidius alisema.

"Ni kweli? Huna shaka?"

"Sina shaka. Amekiri mwenyewe."

Mzee alitikisa kichwa mara kadhaa. Alikuwa na kamasi na hakuzifuta.

"Nilikuwa nao wawili tu. Hukuweza kunibakishia mmoja?"

Jibu Petidius alikuwa nalo. Lilikuwa nyuma yake ukingoni, midomo imepasuka, linatoka Interamna, lina mama. Hakuona namna ya kulisema pale.

"Sikuweza, mzee wangu."

Desturi inataka mjumbe atamke mwenyewe, kwa sauti ya kusikika kingo zote mbili, kama anampokea aliyekabidhiwa. Akikataa, kosa linarudi lilikotoka na mapatano yamekufa. Elfu ishirini kila upande walingoja neno la mzee mmoja. Mundicius alikuwa ameinamisha kichwa, anatetemeka kwa baridi ya mto.

"Nampokea," Titus Cessonius alisema.

Ilibidi alirudie, maana mara ya kwanza halikusikika. Kisha akavua joho lake, akamfunika mwanawe aliye hai mabegani, akalifunga kifungo shingoni. Kamba hakuifungua. Alimshika mkono juu ya kiwiko, wakaanza kutembea pamoja nyuma ya zile ngao kuelekea ng'ambo, naye akampunguzia mwendo, kwa kuwa kijana hakuwa na viatu.